Annie Sullivan: Huruma Peke Yake Haifundishi

Ukisema hapa Unguja kwamba unataka kusomea elimu ya mahitaji maalumu, jibu unalolipata ni lile lile. Iwe ndani ya daladala la Tunguu, iwe barazani Mkunazini, iwe kwenye urojo pale Vuga, mtu atakutazama kwa upole, atatikisa kichwa, kisha atakwambia utapata thawabu. Hakuna anayemwambia mwanafunzi wa uhasibu kwamba atapata thawabu. Mwanafunzi wa udaktari anaulizwa yuko mwaka wa ngapi. Sisi tunaombewa dua.

Sikatai dua, na thawabu nani asiyeitaka? Lakini neno lile linaifanya kazi hii iwe sadaka, na sadaka haisomewi. Mwenye moyo mwema yeyote anaweza kuitoa. Ndiyo maana watu wanashangaa kusikia kwamba mtu ana shahada ya kwanza ya ualimu mkononi, na bado anataka kuongeza miaka ya uzamili ili amfundishe mtoto kiziwi au mtoto mwenye usonji. Wanauliza: kwani kuna nini cha kusoma hapo muda wote huo?

Mimi mwenyewe niko kwenye njia panda hiyo. Namaliza mwaka wa mwisho, somo langu jiografia, na lazima nichague: nitafute ajira sasa hivi, au niendelee na uzamili wa elimu maalumu. Nyumbani wanataka jibu, na wana haki ya kulitaka maana ada ni yao. Katika kulitafuta jibu hilo nimeyafuatilia maisha ya mwalimu mmoja wa Marekani aliyefariki mwaka 1936. Jina lake wengi tumelisikia nyuma ya jina la mwanafunzi wake, Helen Keller. Naomba leo tumtazame yeye kwanza, na hasa tuangalie alisoma nini kabla ya kufundisha.

Johanna Mansfield Sullivan, aliyeitwa Annie tangu utotoni, alizaliwa tarehe 14 Aprili 1866 katika kijiji cha Feeding Hills, jimbo la Massachusetts. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ireland, watu maskini hasa. Alipokuwa na umri wa miaka kama mitano alipata trakoma, maradhi ya macho ambayo hata hapa Tanzania tunayajua, kwa mfano kule Kongwa. Trakoma haipofui kwa siku moja. Inarudi na kurudi, inakwaruza jicho mpaka dunia inakuwa ukungu. Mama yake alifariki Annie akiwa na miaka minane. Baba hakuweza kulea, ndugu wakagawana mzigo, na mwezi Februari 1876 Annie na mdogo wake Jimmie wakapelekwa Tewksbury, nyumba ya serikali ya kuwahifadhi maskini.

Tewksbury haikuwa skuli. Wagonjwa, wazee, wenye maradhi ya akili na watoto waliishi humo pamoja, na vifo vilikuwa vya kila mara. Jimmie alikuwa na maradhi ya nyonga, akafariki miezi michache tu baada ya kufika. Annie alibaki humo kwa miaka minne. Alifanyiwa operesheni za macho ambazo hazikumsaidia. Akasikia kutoka kwa wenzake kwamba kuna skuli za wasioona, na mwaka 1880 wakaguzi wa serikali walipokuja kutembelea, aliwafuata kutoka chumba hadi chumba, na mwisho akajitupa mbele ya mkubwa wao, Frank Sanborn, akaomba apelekwe skuli. Mtoto wa miaka 14, asiyejua kusoma wala kuandika, alijitafutia nafasi yake mwenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1880 aliingia Perkins, skuli ya wasioona mjini Boston.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Wenzake walitoka nyumba zenye nafasi, yeye alitoka Tewksbury na alikuwa na hasira zake. Akaanza na watoto wadogo kuliko yeye, akachekwa. Operesheni mbili alizofanyiwa mwaka 1881 na 1882 zikamrudishia uoni kiasi cha kuweza kusoma chapa ya kawaida. Mwezi Juni 1886, akiwa na miaka 20, alimaliza akiwa wa kwanza darasani na ndiye aliyetoa hotuba ya kuwaaga walimu. Hakuwa na kazi, wala nyumba ya kurudi.

Hapa ndipo hadithi inapotuhusu sisi wanachuo. Wakati wa kiangazi mwaka huo huo, mkurugenzi wa Perkins, Michael Anagnos, alipata barua kutoka Tuscumbia, Alabama. Kapteni Arthur Keller alikuwa na binti wa miaka sita, Helen, aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19. Alitaka mwalimu. Anagnos akampendekeza Annie.

Filamu zinaruka moja kwa moja kutoka barua hiyo mpaka Annie anashuka kwenye treni. Lakini kati ya barua na treni kuna miezi kadhaa, na miezi hiyo ndiyo ninayoiita uzamili wake. Annie alibaki Boston, akakaa na faili. Nusu karne kabla, mwaka 1837, mkurugenzi wa kwanza wa Perkins, daktari Samuel Gridley Howe, alimpokea msichana mmoja asiyeona wala kusikia aliyeitwa Laura Bridgman. Howe alimfundisha lugha kwa herufi za kuguswa, kisha kwa alama za vidole zinazoandikwa ndani ya kiganja. Na jambo kubwa zaidi kwetu: aliandika. Katika ripoti zake za kila mwaka alieleza alijaribu nini, Laura alishika nini, alikwama wapi. Howe alifariki mwaka 1876. Annie hakuwahi kukutana naye, lakini alisoma ripoti zake mstari kwa mstari, kwa macho yale mabovu, miaka 49 baada ya kazi ile kuanza.

Tena hakuishia kwenye karatasi. Laura Bridgman mwenyewe alikuwa bado anaishi Perkins, sasa mtu mzima, na Annie alikuwa amejifunza kwake kuzungumza kwa vidole katika miaka yake ya skuli. Kwa hiyo mwalimu huyu alikwenda kazini akiwa na vitu vitatu: miaka sita ya kuishi na wasioona huku yeye mwenyewe akijua maana ya kutoona, rekodi ya mwalimu aliyemtangulia, na ujuzi wa kuzungumza na mtu aliyepitia njia ile ile. Sijui kama kuna mtaala mzuri zaidi ya huo.

Alifika Tuscumbia tarehe 3 Machi 1887, kwa mshahara wa dola 25 kwa mwezi. Huku kwetu wakati huo Seyyid Barghash alikuwa bado anatawala, na Beit el Ajaib ilikuwa na miaka minne tu. Alikuta mtoto mwenye akili kali na hasira kali, aliyezoea kuzunguka meza na kuchota chakula kwenye sahani za watu. Familia ilimhurumia, ikamwachia kila kitu. Annie akaona kwamba huruma ile ndiyo ukuta wa kwanza. Aliomba akae na Helen peke yao katika kijumba kilichokuwa jirani na nyumba kubwa, wakakaa huko wiki kama mbili, mpaka mtoto akatulia na kumzoea.

Katika siku hizo Annie alikuwa akimwandikia maneno mkononi kila saa. Helen aliyarudisha upesi, kwa usahihi. Mgeni angesema mtoto anajua kusoma. Annie alijua kwamba hajui: vidole vinaiga, lakini mtoto bado hajatambua kwamba kila kitu kina jina lake. Tarehe 5 Aprili 1887, kwenye pampu ya maji, mkono mmoja wa Helen ukiwa chini ya maji na mwingine ukipokea herufi, maana ilimfikia. Kabla ya usiku aliomba majina ya vitu vingi.

Nasimama hapo kidogo, kwa sababu kitu hicho hicho nimekiona kwa macho yangu. Katika mazoezi ya ufundishaji, kwenye skuli moja hapa kisiwani, alikuwapo msichana kiziwi aliyekaa dawati la mbele. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mwanafunzi yeyote. Kila kilichoandikwa ubaoni alikinakili bila kuacha hata nukta, na madaftari yake yalijaa alama za vema. Siku moja nilimwekea mbele yake picha za mlima, mto na bahari, nikamwonyesha neno mto lililo ndani ya daftari lake mwenyewe. Aliitazama picha moja, akaitazama nyingine, akanitazama mimi. Kwa miaka kadhaa alikuwa amenakili, na hakuna mtu mzima skulini hapo aliyejua Lugha ya Alama ya kumwambia neno ni nini. Walimu wake walimpenda. Walimkalisha mbele, walimgawia daftari jipya likimalizika. Huruma ilikuwapo tele. Aliyeweza kutofautisha kuiga na kuelewa ndiye aliyekosekana.

Tofauti hiyo ndiyo kazi ya mwalimu wa elimu maalumu, na haiji kwa moyo mwema tu. Annie aliijua kwa sababu alishaisoma kwa Howe: Laura naye alianza kwa kuiga kabla ya kuelewa.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Baada ya siku ile ya pampu, Annie aliiacha sehemu ya yale aliyoyasoma. Howe alimfundisha Laura kwa vipindi vilivyopangwa, neno kwa neno. Annie naye alianza na vipindi vyenye saa maalumu, akaona mtoto anachoka. Wakati huo alikuwa akimwangalia binamu yake Helen, mtoto wa miezi 15 hivi. Mtoto yule alielewa maneno mengi sana kabla hajaweza kuyatamka, na hakuna aliyemkalisha darasani. Watu walizungumza naye tu kutwa nzima. Annie akaamua kufanya vivyo hivyo: ataongea ndani ya kiganja cha Helen kama tunavyoongea kwenye sikio la mtoto mchanga, sentensi nzima nzima, bila kusubiri ajue kila neno. Darasa likahamia bustanini, mtoni, jikoni. Ni uamuzi wa mtaalamu. Alikuwa na rekodi, akaipima kwa mtoto aliye mbele yake, akabakisha kinachofaa na akabadilisha kisichofaa. Mtu asiyesoma kabisa asingekuwa na cha kubadilisha.

Maisha yaliyofuata hayakuwa mepesi. Mwaka 1891 Helen alimwandikia Anagnos hadithi kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Ikagundulika kwamba inafanana na hadithi ya mwandishi Margaret Canby, ambayo mtoto alisomewa zamani akasahau. Perkins ikaunda baraza la watu wanane, wakamhoji mtoto wa miaka 11 huku mwalimu wake ametolewa nje ya chumba. Kura ziligawanyika nusu kwa nusu, na Anagnos akamwachia mtoto, lakini urafiki wa Annie na skuli iliyomlea ukavunjika. Mwaka 1897 mkuu wa skuli ya Cambridge, ambako Helen alikuwa akijiandaa kwa chuo kikuu, alijaribu kuwatenganisha wawili hawa. Kila mara swali chini kwa chini lilikuwa lile lile: huyu Annie ni nani hasa? Ana cheti gani?

Mwaka 1900 Helen aliingia chuo cha Radcliffe. Annie alikaa pembeni yake katika kila muhadhara akimwandikia mkononi maneno ya profesa, na usiku alimsomea vitabu ambavyo havikuwa katika nukta nundu, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vingi. Macho yake, yaliyookolewa kwa shida, yakaanza tena kuharibika. Mwaka 1904 Helen alipata shahada, mtu wa kwanza asiyeona wala kusikia kufanya hivyo. Annie alihudhuria masomo yale yale na kusoma vitabu vile vile, na siku ya mahafali hakupewa chochote. Ilikuwa mpaka mwaka 1932 ndipo Chuo Kikuu cha Temple kilipompa shahada ya heshima, miaka minne kabla ya kifo chake. Aliolewa na John Macy mwaka 1905, ndoa haikudumu. Alizunguka na Helen kwenye majukwaa ili wapate riziki, kisha wakafanya kazi na taasisi ya Marekani ya wasioona kuanzia mwaka 1924. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1936 mjini New York, akiwa haoni tena. Majivu yake yamehifadhiwa katika kanisa kuu la kitaifa mjini Washington.

Baada ya kifo chake ukaandikwa mchezo wa kuigiza, ukatengenezewa filamu mwaka 1962, na kuanzia hapo dunia ikamjua kama mtenda miujiza. Mnaona? Ni ndugu wa lile neno thawabu. Muujiza nao hausomewi. Ukiita kazi ya mwalimu muujiza, huna haja ya kuuliza amefundishwa wapi, analipwa nini, na nani atakayeshika nafasi yake akiondoka.

Sasa turudi nyumbani. Kisheria hatuko nyuma. Elimu bila malipo ilitangazwa Zanzibar tarehe 23 Septemba 1964. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 inazungumzia elimu mjumuisho, yaani mtoto mwenye ulemavu asome pamoja na wenzake, na mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu. Bara kuna Chuo cha Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na Lushoto kulikuwa na chuo kikuu kilichobeba jina la Askofu Sebastian Kolowa ambacho kilijulikana kwa shahada za fani hii. Mlango wa skuli uko wazi. Lakini elimu mjumuisho inamhitaji mwalimu aliyesoma zaidi, si aliyesoma kidogo. Annie alikuwa na mtoto mmoja, na familia yenye uwezo wa kumlipa mwalimu wake peke yake. Mwalimu wa skuli ya Unguja ana darasa zima, na ndani yake yumo kiziwi mmoja, mwenye uoni hafifu mmoja, na mwingine ambaye hakuna aliyewahi kumpima. Kuna wenzetu wanaosema ukubwa wa darasa ndiyo tatizo, na shahada ya uzamili haipunguzi idadi ya watoto. Ni kweli, haipunguzi. Lakini katika darasa kubwa ndiko mtoto anayenakili anakofichika kwa urahisi zaidi, na anayejua kumtambua ana thamani kubwa zaidi huko.

Kwa hiyo nikiulizwa uzamili huo uwe na nini, jibu langu nalitoa kwenye maisha ya mwalimu huyu. Kwanza, mwanafunzi aishi na watu wenye ulemavu, si awasome tu. Asihitimu bila kuijua Lugha ya Alama ya Tanzania au nukta nundu kwa kiwango cha kuzungumza na kusoma, na wamfundishe viziwi na wasioona wenyewe, walipwe kama wahadhiri wengine, kama vile Laura alivyokuwa mwalimu wa Annie. Pili, ajifunze kupima: kuiga ni kipi, kuelewa ni kipi. Tatu, na hili ndilo ninalolipigania zaidi, kila anayehitimu aache rekodi ya mtoto mmoja aliyemfundisha mwaka mzima, bila kutaja jina la mtoto, ikieleza kilichojaribiwa na kilichoshindikana, na iandikwe kwa Kiswahili. Tasnifu zetu tunaziandika kwa Kiingereza, zinafungwa kwa jalada gumu, zinapangwa maktabani. Mwalimu wa Makunduchi au Nungwi hazimfikii, na zikimfika hazimwambii afanye nini Jumatatu asubuhi. Ripoti za Howe zilimfaa Annie kwa sababu ziliandikwa kwa lugha yake, na kwa sababu zilisema ukweli hata pale kazi ilipokwama.

Jumuiya yetu ya wanafunzi inaweza kuanza bila kusubiri bajeti ya mtu. Kila mwaka mamia ya hatua za kazi hii zinafanyika katika mazoezi ya ufundishaji, kisha zinasahaulika. Tufungue daftari moja tu la pamoja, tulihifadhi idara ya elimu, kila anayerudi kutoka skuli aandike ukurasa mmoja kuhusu mtoto aliyemshinda na alichojaribu. Baada ya miaka michache atakuja mwenzetu ambaye hatutamjua, atakaa na kurasa hizo kabla ya kwenda kazini.

Fomu ya uzamili nimeijaza. Ukurasa wangu wa kwanza nimeshauandika, unahusu msichana mwenye mwandiko mzuri na neno mto.